Saratani ya matiti kwa wanaume: nani aambiwe nini Kisiwani Mombasa?

Kila Oktoba, utepe wa rangi ya waridi hubandikwa vifuani mwa watu Mombasa: kwenye mabenki, maofisini, hospitalini na katika matembezi ya hisani. Wanaume wengi huuvaa kwa ajili ya mama, mke au dada, bila kujua kwamba kifua kilichobeba utepe huo nacho chaweza kupata ugonjwa huohuo. Miaka ya karibuni ujumbe umeanza kupenya kwamba saratani ya matiti huwapata wanaume pia, na pamoja nao umekuja mkanganyiko. Wako wanaouona kama uzushi. Wako wanaotishika kwa kila nyama iliyojaa kifuani. Wengine huuliza kama na wao wakapigwe picha ya mamografia, na majibu wanayopewa hayafanani.

Uchambuzi huu unaangalia swali zima: ugonjwa wenyewe ni upi, ukubwa wake ni upi, kwa nini wanaume huchelewa, na ni njia gani ya kuwaelimisha itakayookoa watu bila kuwatia hofu au kupoteza fedha zinazohitajika kwingine.

Ugonjwa ni uleule

Kila mtoto, wa kike au wa kiume, huzaliwa na chembe za titi. Msichana anapobaleghe, homoni ya estrojeni hukuza vifereji na vifuko vya maziwa. Kwa mvulana, homoni ya testosteroni huzuia ukuaji huo, lakini vifereji vichache hubaki nyuma ya chuchu maisha yote. Humo ndimo saratani ya titi la mwanamume huanzia.

Dalili zake si nyingi. Kubwa kuliko zote ni kinundu kigumu, aghalabu kisichouma, nyuma ya chuchu au kando yake, na mara nyingi upande mmoja. Nyingine ni chuchu kuingia ndani, kutoka damu au majimaji kwenye chuchu, kidonda kisichopona, ngozi kujikunja au kubadilika rangi, na uvimbe wa kwapani. Kwa kuwa titi la mwanamume ni dogo, kinundu huwa karibu na vidole. Lakini udogo huohuo hukiweka pia karibu na ngozi na misuli ya kifua, kwa hiyo kikiachwa hakichukui muda kuvigusa.

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Katika nchi za Magharibi wagonjwa wengi wamepita miaka 60, na tafiti za Afrika zimewakuta wakiwa na umri mdogo zaidi, kwenye miaka ya hamsini. Yako pia mambo ya kurithi. Mwanamume mwenye hitilafu katika jeni ya BRCA2 ana uwezekano wa takriban 7 katika 100 wa kuipata saratani hii maishani, ilhali kwa mwanamume wa kawaida, kwa takwimu za Marekani, uwezekano ni kama 1 katika 1,000. Wengine walio hatarini ni waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada, waliowahi kupigwa mionzi kifuani, wenye unene uliopita kiasi, na wenye ini lililoharibika, kwa sababu ini bovu hushindwa kuondoa estrojeni mwilini.

Matibabu hufuata njia ya wanawake: upasuaji, tibakemikali, mionzi na dawa za homoni. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za titi kwa wanaume hutegemea estrojeni, na hivyo nyingi huitikia tamoksifeni, dawa ya vidonge ya miaka mingi ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, matumaini ni makubwa. Kinachowapa wanaume matokeo mabaya, kwa sehemu kubwa, ni kuchelewa.

Ukubwa wa tatizo

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti na vifo 3,107. Hesabu hiyo ni ya wanawake peke yao. Wanaume hawamo, na hapo tayari tumeiona sehemu ya tatizo.

Duniani, wanaume hukadiriwa kuwa takriban asilimia moja ya wagonjwa wote wa saratani hii. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za Afrika uliukuta uwiano ukiwa mkubwa zaidi, kama wanaume wanne kwa kila wanawake mia. Tukiipitisha takwimu ya Kenya katika viwango hivyo viwili, tunapata wanaume kati ya 70 na 290 hivi kwa mwaka nchini kote. Kaunti ya Mombasa, iliyohesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, ni kama asilimia 2.5 ya taifa. Fungu lake basi lingekuwa wanaume wawili hadi saba kwa mwaka.

Hii ni hesabu ya kukisia, haikutoka katika sajili ya wagonjwa. Hata hivyo inatupa kipimo cha kufikiria. Wagonjwa hawa ni wachache mno kwa kampeni kubwa ya kuwapima wanaume wote, lakini hawawezi kupuuzwa, kwa maana kila mmoja wao ana dalili inayoshikika kwa vidole vyake mwenyewe.

Kwa nini wanaume huchelewa

Sababu ya kwanza imo katika lugha. Mwanamume wa Mombasa hasemi ana titi wala ziwa. Anasema ana kifua. Na kifua, katika Kiswahili chetu, ni pia jina la kikohozi, pumu na maradhi ya mapafu. Akisema "nina tatizo la kifua", atakayemsikia atafikiria kifua kikuu au moyo. Tangazo linalosema "saratani ya matiti" nalo humpita, kwa sababu halijataja kiungo anachojua kuwa anacho. Elimu ya afya huanza na jina la mahali panapouma, na hapa jina lenyewe limemtenga.

Sababu ya pili ni kazi. Hamali wa Marikiti, kuli wa bandarini Kilindini, msukuma mkokoteni wa Mwembe Tayari na mvuvi anayevuta nyavu, wote vifua vyao hugongwa na kukwaruzwa kila siku. Kinundu kikitokea, maelezo yapo tayari: ni mzigo, ni misuli, ni jipu linataka kuiva. Kitakandwa kwa maji moto, kitasuguliwa mafuta, mwenyewe atanunua dawa ya maumivu au ya kuua bakteria kwenye duka la dawa, na miezi itapita. Kugongwa hakuleti saratani, ila huipa mahali pa kujificha.

Sababu ya tatu ni kwamba vifua vya wanaume huvimba kwa mambo mengi yasiyo saratani. Hali ambayo madaktari huiita gainekomastia, yaani tezi ya titi la mwanamume kukua, huwapata vijana wanaobaleghe, wazee, wenye maradhi ya ini, na watumiaji wa baadhi ya dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni spironolaktoni, inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo na ini, na efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyotumika kwa wingi Kenya kwa miaka mingi. Mhudumu aliyeona vimbe nyingi za namna hiyo huzoea kumwambia mtu aende akapumzike. Mara nyingi huwa amesema kweli. Hatari ni kwa yule mmoja asiyeguswa wala kupigwa picha.

Sababu ya nne ni haya. Hapa tutenganishe dini na mazoea. Kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea Pwani, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na wanaume hukaa na fulana au kifua wazi barazani na ufuoni bila lawama. Sheria haimzuii kukionyesha kifua chake kwa tabibu. Kinachomfunga ni kuambiwa ana maradhi ya kike, kisha kupangwa foleni moja na wanawake katika kliniki ambayo mabango yake yote yana picha za wanawake.

Sababu ya tano ni njia ya huduma. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi, na mgonjwa wa Pwani alihesabu nauli na malazi kabla ya kuhesabu matibabu. Huduma zimesogea tangu hapo, na kituo cha saratani cha Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara, kimewapunguzia watu safari. Lakini kumbukumbu ya kwamba saratani ni safari ya Nairobi na kuuza kiwanja haijafutika majumbani.

Msimamo wa kwanza: nguvu zote zibaki kwa wanawake

Wenye msimamo huu wana hoja nzito. Wanawake ndio karibu wagonjwa wote, na wengi wao bado hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea. Kama kliniki haiwahudumii wanawake wa Majengo, Bondeni na Kibokoni kwa ukamilifu, haki iko wapi katika kugawa muda na fedha kwa ugonjwa adimu? Wanaongeza kwamba ujumbe unapokuwa na mambo mengi husahaulika, na kwamba kuwatisha wanaume kutajaza vituo vya afya watu wenye gainekomastia.

Udhaifu wao ni kudhani kwamba kunyamaza hakuna gharama. Kampeni inapotaja wanawake tu mwaka hata mwaka, huwa inawafundisha wanaume kwamba wao wamesalimika. Mafunzo hayo yanawafikia pia matabibu, wauza dawa na wake. Isitoshe, habari ya wanaume inawahusu wanawake wenyewe. Mwanamume akigunduliwa na saratani ya titi, miongozo ya kimataifa hushauri apimwe jeni, kwa sababu binti zake, dada zake na wanawe wa kiume huenda wamebeba hitilafu ileile. Asipogunduliwa yeye, familia nzima imekosa onyo.

Msimamo wa pili: kampeni sawa na upimaji kwa wote

Upande huu hutaka mwanamume aingizwe kikamilifu: mabango yake, siku zake za uchunguzi, mamografia yake. Nguvu yake iko katika kuvunja aibu. Yanapozungumzwa hadharani, maradhi hupoteza fedheha. Marekani, mwaka 2019, Mathew Knowles, baba wa mwanamuziki Beyoncé, alitangaza kwamba ameugua saratani ya titi na kwamba ana hitilafu ya BRCA2. Alieleza kuwa jambo la kwanza aliloliona lilikuwa alama za damu kwenye fulana yake. Maelezo hayo mafupi yaliwafikia wanaume ambao kijitabu cha hospitali kisingewafikia kamwe.

Lakini kutangaza ugonjwa ni jambo moja, na kumpima kila mtu asiye na dalili ni jambo jingine. Hakuna mwongozo mkubwa wa kitaalamu unaopendekeza mamografia kwa wanaume wote, na hesabu yetu inaonyesha sababu. Kaunti ya Mombasa ina wanaume na wavulana zaidi ya 600,000. Kuwapanga foleni ili wapatikane wagonjwa wawili hadi saba kungeibua maelfu ya vimbe zisizo na madhara, na kila moja ingeleta picha, sindano, kukatwa kinyama, gharama na usiku wa wasiwasi. Mashine na wataalamu wangechukuliwa kutoka kwa wanawake wanaongoja majibu. Usawa wa namna hii ungeonekana mzuri kwenye bango na kuumiza watu kwenye foleni.

Msimamo wa tatu: walengwe walio hatarini peke yao

Wengine husema tuziache kampeni za jumla tuwatafute wenye historia ya familia. Hoja hii ina msingi wa kitaalamu, na Mji wa Kale una utajiri unaoiunga mkono: watu hapa wanajua nasaba. Familia nyingi zinaweza kutaja mababu, mashangazi na binamu kwa vizazi kadhaa, na aliyekufa kwa "kidonda cha ziwa" hukumbukwa hata kama hakupata jina la kitabibu.

Kumbukumbu hiyo ina pengo moja. Watu wengi hudhani saratani ya matiti hurithiwa kwa mama peke yake. Jeni ya BRCA2 hupitia kwa baba sawasawa na inavyopitia kwa mama. Mwanamume aweza kuichukua na kuipitisha kwa binti yake bila yeye kuugua. Shangazi upande wa baba ana uzito uleule wa khalati upande wa mama.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba hauwafikii walio wengi. Wanaume wengi wanaougua saratani ya titi hawana ndugu wa karibu aliyewahi kuipata. Kipimo cha jeni nacho ni ghali kwa familia ya kawaida. Anayelenga nasaba peke yake atamkosa kuli wa miaka 58 asiye na historia yoyote.

Kupima mizani

Tukiweka misimamo mitatu pamoja, kila mmoja umeshika kipande cha ukweli. Wa kwanza umeshika idadi, wa pili umeshika aibu, wa tatu umeshika urithi. Kosa la kila mmoja ni kukifanya kipande chake kuwa kitu kizima.

Kinachowezekana ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo huchanganywa. Kupima wasio na dalili kubaki kwa wanawake, kwa umri na utaratibu uliowekwa na miongozo ya Wizara ya Afya. Kujua dalili kuwe kwa wote, wanaume na wanawake. Kufuatilia kwa karibu kuwe kwa familia zenye historia. Mgawanyo huu hauhitaji kampeni mpya. Unahitaji sentensi moja au mbili ziongezwe katika kampeni iliyopo, na mhudumu mmoja katika kila kituo ajue afanye nini.

Mhudumu huyo ndiye sharti la kwanza la mgawanyo huu, na hapo ndipo shilingi ndogo huleta faida kubwa. Mwanamume anapofika zahanati ya Ganjoni au hospitali ya Tudor na uvimbe nyuma ya chuchu, mambo machache yanatosha kumtenga mwenye hatari. Je, uvimbe ni mgumu na uko upande mmoja? Umejitenga kando ya chuchu, au uko katikati kabisa na ni laini kama mpira? Chuchu imeingia ndani? Kuna damu au kidonda? Kwapani kuna tezi? Anatumia dawa gani, na ini lake likoje? Mwenye dalili za kutia shaka apelekwe kupigwa ultrasaundi au mamografia na kutolewa kinyama cha kuchunguzwa, bila kupewa kwanza wiki sita za dawa za kuua bakteria. Wauza dawa wapewe maelekezo hayohayo, kwani aghalabu wao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza.

Gharama ni sharti la pili. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, ilianza na kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka kwa matibabu ya saratani. Saratani ikigunduliwa mapema, upasuaji na vidonge vya homoni vyaweza kukaa ndani ya kikomo kama hicho. Ikigunduliwa imeenea, tibakemikali za mfululizo humaliza bima na akiba. Kumwambia mtu aliyejisajili kwamba kuwahi kunalinda pia mali ya familia ni kumwambia kweli ambayo baba wa nyumba ataielewa haraka.

Sharti la tatu ni kufuatilia baada ya matibabu. Tamoksifeni kwa kawaida hutumiwa kwa miaka mitano, na kwa wanaume yaweza kuleta joto la ghafla, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na hatari ya damu kuganda. Asiyeonywa mapema huacha vidonge kimyakimya. Ujuzi wetu hapa una mapengo kwa sababu wanaume waliachwa nje ya majaribio mengi ya dawa. Ilifika mwaka 2020 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa mwongozo wa kuwahimiza watafiti wawaingize. Hospitali zetu nazo ziwarekodi wanaume hawa kikamilifu katika sajili za saratani, ili kesho tusitegemee makisio kama yaliyomo humu.

Sauti na mahali

Ujumbe kwa wanaume wa Kisiwa hautasikika kliniki, kwa sababu hawako kliniki. Wako barazani jioni, kwenye kahawa, sokoni, bandarini, kwenye kivuko cha Likoni na msikitini siku ya Ijumaa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, hupita majumbani mchana wakati wanaume wengi hawapo. Njia yao ibadilike kidogo: baraza moja kwa mwezi, jioni, na msemaji mwanamume ikiwezekana. Khatibu na mchungaji wanaweza kukumbusha kwamba mwili ni amana, jambo ambalo waumini wao hawahitaji kufafanuliwa.

Maneno nayo yachaguliwe. Tangazo liseme "kifua na chuchu" kabla ya kusema "matiti". Lisiseme "jipimeni kila mwezi", bali liseme "ukikuta kinundu kigumu, onyesha". Na lielekezwe pia kwa mwanamke wa nyumbani, kwa kuwa yeye, au yeyote afuaye nguo, ndiye huona doa la damu kwenye fulana au kanzu nyeupe kabla mwenyewe hajakubali kwamba lipo.

Muhtasari

Saratani ya matiti kwa wanaume ipo, ni adimu, na inatibika inapowahiwa. Uadimu wake unatukataza kuwapima wanaume wote, hautukatazi kuwaambia. Kuwaacha gizani kwa jina la kuwalinda wanawake kunawaumiza wanawake pia, maana saratani ya baba yaweza kuwa onyo kwa binti. Kuwapanga foleni kwa jina la usawa kutazipora kliniki nguvu zake. Kuangalia nasaba peke yake kutawakosa walio wengi. Njia iliyo sawa ni kuwafundisha wote dalili, kumwandaa mhudumu wa kwanza, kuuliza historia ya pande zote mbili za ukoo, na kuandika kila mgonjwa.

Basi kwa msomaji mwanamume: kinundu kigumu nyuma ya chuchu, chuchu iliyoingia ndani, damu au kidonda kisichopona ni sababu ya kumwona daktari wiki hii hii. Huenda ikawa si saratani, na utarudi nyumbani umetulia. Ikiwa ndiyo, umeiwahi.